Mlango wa Upande wa Abiria

Karakana
Jumatatu, 4 Machi

Kasuku wangu,

Salamu jipimie mwenyewe, maana mikono yangu imejaa gundi na karatasi hii imeshaanza kuninata.

Gari la mchumba wako limefika. Amelileta mwenyewe, polepole kama amebeba mayai, na mtaa mzima wa mafundi ukaacha kazi kulitazama. Ni jekundu, la viti viwili, paa la turubai, pua ndefu. Fundi breki wa hapa jirani alilizunguka mikono ikiwa mgongoni, akasema, "Hili si gari, hiki ni kidani."

Kwa nje linang'aa. Ndani ni huzuni tupu. Ngozi ya viti imepasuka mpaka sponji inachungulia, zulia limeoza, dashibodi imekunjamana kwa jua. Nimemwambia nitavua kila kitu nianze upya, ngozi ya kahawia, mshono wa mistari miwili, ili siku ya harusi ukae kama mtu. Akatabasamu. Hapa mtaani wameshampa jina, Bwana Taratibu, kwa sababu hapandishi sauti, na hata mlango wa gari anaufunga kama analaza mtoto.

Ila kuna kitu kimoja. Aliniambia, "Shemeji, kava la ndani la mlango wa dereva badilisha. La mlango wa abiria liache kama lilivyo."

"Lakini hilo ndilo lililochakaa zaidi," nikasema.

"Liache."

Hakusema kwa ukali. Aliniwekea mkono begani, na ule mkono ukabaki pale hata baada ya neno kwisha.

Halafu, simu yako ina nini? Kila nikipiga anapokea yeye. Anasema uko bafuni. Siku hizi unaoga sana, mdogo wangu.

Dada yako,
Sindano


Zahanati
Jumatatu, 11 Machi

Sindano wee!

Barua! Mama Dawa, yule wa dirisha la dawa, alinipungia bahasha mbele ya wagonjwa wote, na mzee mmoja akanipongeza akidhani nimepata kazi Ulaya. Niandikie hivyo hivyo, tena hapa hapa kazini kupitia Mama Dawa, maana nyumbani barua zinapotea. Simu tunatumia moja sasa. Yeye anasema watu wanaopendana hawana siri, na mimi nimeona bora, nilikuwa naongea mno kwenye simu, si unanijua.

Usimcheke kwa upole wake. Wewe umezoea wanaume wa gereji wanaoongea kwa nyundo. Huyu hata tukigombana hapigi kelele. Mwezi uliopita nilimkasirikia kitu cha kijinga, nikasema nishushe, narudi kwa miguu. Akaendesha tu. Tulizunguka mji, tukatoka nje ya mji, tukarudi, akiimba kwa pua, mpaka hasira zangu zikaisha nikamwomba radhi. Wewe ungefanya nini? Nilicheka siku nzima kesho yake.

Na tukifika mahali anashuka kwanza, anazunguka, ananifungulia mlango. Kila mara! Manesi wenzangu wananiita Malkia.

Mke wake wa kwanza alimkimbia bila hata kuaga, maskini, ndiyo maana anapenda kujua niko wapi. Mtu aliyeumwa ukimgusa anaruka.

Nishonee kiti kipana, nimenenepa.

Mdogo wako asiyenyamaza,
Kasuku


Karakana
Ijumaa, 15 Machi

Mdogo wangu,

Soma hii ukiwa umekaa, na ukimaliza mpe Mama Dawa akutunzie. Usitoke nayo.

Nimelifungua lile kava. Najua alisema niliache. Lakini nilishamaliza viti, nikavitazama vilivyokaa, halafu nikaona ule mlango mmoja umebaki kama kiraka. Nikasema nitamfanyia mdogo wangu zawadi, kimya kimya. Nikachomeka bisibisi bapa ukingoni, klipu zikaruka, kava likatoka.

Ndani ya mlango kuna fito nyembamba ya chuma inayounganisha kishikio cha ndani na loki. Ukivuta kishikio, fito inavuta loki, mlango unafunguka. Hiyo fito imekatwa. Sisemi imevunjika. Chuma kilichovunjika huwa na meno. Hiki kimekatwa kwa msumeno, halafu ncha ikapigwa tupa mpaka ikawa laini, ikafungwa kitambaa ili isigongegonge gari likitembea. Mtu aliifanya kazi hiyo kwa utulivu kabisa. Kishikio kinacheza bure. Mlango huo unafunguliwa kwa nje tu.

Nikarudi kwenye kava lenyewe, nikalitazama upya kwenye mwanga. Nimeshona ndani ya magari tangu baba aniachie cherehani, najua kila mahali mwili wa mtu unapochakaza. Kiwiko kinachakaza juu. Goti linachakaza chini. Hapa ngozi imeliwa kuzunguka kishikio, mpaka kwenye ubao, na mikwaruzo inashuka hadi chini. Pamechakazwa na vidole.

Niliingia, nikafunga, nikakaa kwenye kiti chako kipya. Nilikuwa karakanani kwangu, mchana, fundi breki anapiga miluzi nje, na bado jasho lilinitoka.

Umeandika kwamba yeye ndiye hukufungulia. Kasuku, umewahi kuufungua mlango huo mwenyewe, hata mara moja?

Nijibu hilo tu. Na nakuomba, usimuulize chochote.

Sindano


Zahanati
Jumatano, 20 Machi

Dada,

Nimemuuliza. Ndiyo, uliniambia nisimuulize, lakini mtu ninayetaka kuolewa naye nisipomuuliza yeye nitamuuliza nani?

Hakukasirika. Alimalizia chai yake, akasema loki ilikuwa mbovu, mlango ulikuwa unafunguka wenyewe barabarani, akaikata fito kwa usalama wa abiria. Kwa usalama, dada. Kuna mantiki. Mimi si fundi, na wewe si polisi.

Wakati mwingine najiuliza kama hukufurahi kidogo kuona kitu hicho. Umekaa peke yako na ngozi zako na gundi zako, na mimi nimepata mtu. Samahani. Nimeshaiandika na sina karatasi nyingine.

Anakuja kunichukua kazini mapema siku hizi, kwa gari la kuazima. Yuko nje sasa hivi, namwona dirishani, ameegemea ukuta. Hajapiga honi. Hapigi honi kamwe.

Inabidi nimalize.

Mdogo wako


Jumatatu, 25 Machi

Shemeji yangu mtarajiwa,

Natumaini barua hii itakukuta salama, pamoja na karakana yako. Nimeambiwa umekuwa na bidii kuliko nilivyokuomba. Sikulaumu. Fundi mzuri ana mikono isiyotulia.

Naomba urudishe kava la mlango wa abiria kama ulivyolikuta, na kila kilicho ndani yake kikae kilivyokaa. Nitalijaribu mwenyewe kabla ya kuondoka.

Nitakuja Jumamosi ya tarehe sita nikiwa na mdogo wako. Tumeamua harusi ifanyike nyumbani kwangu, mbali kidogo na mji, bila watu wengi. Yeye ameacha kazi ili apumzike. Anachoka haraka siku hizi, na barua zinamchosha zaidi.

Shemeji yako


Karakana
Jumanne, 26 Machi

Kwa Mama Dawa,

Hatujaonana, lakini mdogo wangu anakusifu. Nakuandikia kwa sababu sina mwingine huko. Je, umemwona? Ni kweli ameacha kazi? Alikuwaje? Nimekwenda polisi. Askari wa zamu aliniuliza, "Mama, mtu mzima na mchumba wake, kosa liko wapi? Mlango?" Wenzake wakacheka. Kesho nitarudi tena.

Nijibu hata mstari mmoja. Basi la jioni linaleta vifurushi, mpe kondakta.

Sindano, dada wa Kasuku


Zahanati
Ijumaa, 29 Machi

Dada Sindano,

Kasuku alikuja Ijumaa iliyopita kuaga. Yule mwanaume alisimama nyuma yake muda wote, kamshika kiwiko, ameinamisha kichwa kwa heshima mpaka daktari akasema bwana harusi kama huyo adimu. Aliyekuwa anaongea ni yule mwanaume. Kasuku hakusema neno. Dada, yule mtoto huwa anawasimulia wagonjwa habari mpaka wanasahau sindano. Siku hiyo alisaini, akanitazama, akatazama mlango, akanitazama tena.

Nilimuuliza, "Unaumwa?"

Mwanaume akajibu, "Amechoka tu."

Nilikwenda nyumba wanayokaa nikijifanya napeleka vitamini. Mlango una kufuli nje. Nikasikia mtu anatembea ndani. Nikaita jina lake la utani. Kutembea kukakoma.

Niliondoka mbio, sitakudanganya. Niliogopa kama mtoto. Barua zako ninazo kabatini.

Mama Dawa


Karakana
Jumamosi, 6 Aprili

Mama Dawa,

Wameondoka sasa hivi, utanivumilia mwandiko. Nakuandikia kwa sababu nikikaa bila kufanya kitu nitapiga mayowe.

Tangu nilipopata barua yako nimekuwa nikiufikiria ule mlango. Kuunganisha fito hakuwezekani, angejaribu kishikio akagundua. Kukataa kutoa gari nako hakufai, angeondoka naye kwa gari jingine. Fundi breki ndiye aliyenipa kipande cha waya wa breki wa baiskeli. Nikaufunga kwenye loki yenyewe, nikaupitisha chini ndani ya mlango mpaka kwenye mfuko wa kava, ule mfuko wa kuwekea vikaratasi. Chini kabisa ya mfuko, chini ya kitambaa cha ndani, nikaacha kitanzi cha ngozi. Kishikio kinacheza bure kama mwanzo. Lakini ukikivuta kitanzi, mlango unafunguka. Kava la zamani nimelivua nikalificha liwe ushahidi, nikatengeneza jingine kwa ngozi kuukuu, nikalikwaruza kwa mikono yangu hadi likafanana.

Walifika kabla ya saa sita. Kasuku amekonda. Nilimkumbatia nikahisi mifupa, na yeye Bwana Taratibu akasimama karibu kiasi kwamba nilisikia pumzi yake.

Akaingia upande wa abiria. Akafunga. Akavuta kishikio, mara ya kwanza, ya pili. Nilikuwa nimeshika mkasi na sikujua nimeushika. Mlango haukufunguka. Akanitazama kupitia kioo, akatabasamu, akagonga nimfungulie.

"Kazi safi, shemeji," akasema.

Akapapasa kava lote. Akaingiza vidole kwenye mfuko. Vidole vyake ni vinene, na mfuko nimeushona mwembamba. Akavitoa.

Kasuku alipokaa, nikainama kumnyooshea gauni. Nikachukua leso yangu nikaiingiza mfukoni mwa mlango, nikamshika mkono, nikasema kwa sauti ili na yeye asikie, "Bibi harusi lazima alie kidogo. Leso iko humu. Ukizidiwa, ingiza mkono mpaka chini kabisa, uvute."

Yeye akacheka. "Dada zenu hawa," akasema.

Kasuku hakucheka. Alinitazama tu kwa macho ya mtu aliye mbali. Sijui kama ameelewa. Bwana Taratibu akamfungia mdogo wangu mlango, polepole, kama analaza mtoto, wakaondoka.

Nimefanya ujinga? Ningelala mbele ya magurudumu?

Sindano


Alhamisi, 11 Aprili

Dada,

Niko hai. Naanza na hilo kwa sababu najua utasoma mstari wa kwanza umesimama.

Sitaandika niko wapi. Barua ataileta mwenye lori mwenyewe, mkononi mwako.

Sikuelewa uliponiambia habari ya leso. Nilifikiri hata wewe umekubali, unaniaga. Nilikukasirikia mpaka tukatoka nje ya mji. Hakuimba siku hiyo. Alikuwa ananieleza utaratibu wa nyumba yake, chumba kipi nitakaa, dirisha lipi halifunguki. Aliongea vizuri, kama anayesoma maelekezo ya dawa. Nikaanza kulia kweli. Nikaingiza mkono kutafuta leso yako, nikakumbuka ulivyosema. Mpaka chini kabisa. Kidole changu kikaingia kwenye kitu, kama pete. Hapo ndipo nikaelewa, dada, na hofu niliyoipata sijawahi kuipata hata kwenye kile chumba cha kufuli. Wakati wote nilijua siwezi kutoka. Sasa nilijua naweza, na ingebidi nifanye.

Swali lako sikulijibu. Hapana, sikuwahi kuufungua. Nilijaribu siku ile ya kuzunguka. Nilivuta mpaka kucha ikang'oka, na yeye anaimba. Nilikuandikia kwamba nilicheka.

Gari lilikuwa linakwenda kasi. Nilikaa na kidole kwenye kitanzi, naogopa hata kumeza mate asije akasikia. Halafu tukafika kwenye kivuko cha reli. Kizuizi kimeshuka, treni ya mizigo inapita, magari yamepanga foleni. Akasimama. Akageuka kunifuta machozi.

Nikavuta.

Nilianguka kwenye kokoto, nikaamka, nikakimbia nyuma kwenye foleni bila viatu. Hakunifukuza. Alishuka, akaja anatembea, viatu vyangu mkononi. "Mpenzi, umesahau viatu," akaniita. Akawaeleza watu, kwa sauti ile ile, kwamba mke wake ana ugonjwa wa akili, anaomba wamsaidie. Na watu wakaanza kumsaidia, dada. Mwanaume mmoja alinishika mkono, kwa huruma kabisa, ananirudisha.

Nilikuwa sijasema kitu tangu niache kazi. Sauti ikatoka. Nikasema. Nikasema kufuli, nikasema simu, nikasema kucha, nikasema mlango, kila kitu kwa mkupuo, treni inapiga kelele na mimi napiga kelele juu yake. Kwenye foleni palikuwa na lori lililobeba mabati, na ndani yake mke wa dereva. Alishuka, akasimama katikati yetu, mwanamke mfupi, kanga kiunoni.

"Mgonjwa au mzima," akamwambia, "hapandi gari asilolitaka."

Kizuizi kikainuka. Magari nyuma yakaanza kupiga honi. Alinitazama, akaviweka viatu vyangu chini barabarani, vimepangwa vizuri pamoja, akarudi kwenye gari lake.

Mama wa lori amenificha kwa jamaa zake. Kila gari likipita nainama. Dada, atakuja kwako. Anajua ni mkono wa nani.

Niliyoyaandika kuhusu wivu, naomba uyachane.

Kasuku


Karakana
Jumapili, 28 Aprili

Kasuku,

Nilimbusu dereva wa lori shavuni, mbele ya mke wake. Wamenisamehe.

Bwana Taratibu alikuja, kama ulivyosema. Aliegesha mlangoni kwangu, akashuka, akasema, "Shemeji, mlango wangu umeharibika." Hivyo tu. Nilirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa cherehani. Akaingia, akafunga mlango wa karakana nyuma yake, taratibu. Akaniuliza uko wapi. Nikasema sijui, na nilishukuru Mungu kwamba kweli sikujua, maana uso wangu haujui kudanganya. Akachukua kisu changu cha kukatia ngozi mezani, akakitazama makali, akaniuliza tena.

Fundi breki alikuwa ameliona gari. Hakubisha hodi. Waliuinua mlango kutoka kwenye bawaba, yeye na wachomeleaji, wakaingia wote pamoja na nondo zao. Bwana Taratibu alikiweka kisu mezani akasema alikuwa anauliza bei. Walimzuia mpaka polisi walipokuja.

Safari hii alikuja sajenti wa kike. Hakucheka. Alilichukua lile kava la zamani, akaniuliza maswali mpaka nikachoka. Halafu akamtafuta mke wa kwanza. Hakukimbia bila sababu, Kasuku. Aliwahi kuruka dirishani. Alikuwa ameshashtaki, shauri likafa kwa sababu hakuwa na cha kuonyesha, naye akahamia mbali akabadilisha hata mavazi ili asitambulike.

Sajenti alimleta hapa, akarudi na lile kava, nimweleze nilichokikuta. Mwanamke mnyamavu, mrefu. Nililiweka kava mezani. Alilitazama, halafu akanyoosha mkono wake wa kushoto akaviweka vidole pale ngozi ilipoliwa. Vikaenea.

"Ni mimi," akasema.

Kisha akavisogeza chini kidogo, kwenye mikwaruzo mipya. "Hii si yangu."

Nikamwambia ni ya nani. Akaomba nikupe salamu. Atasimama mahakamani, na anauliza kama utasimama naye. Bwana Taratibu bado yuko rumande, lakini ana wakili mwenye sauti kama yake. Sitakudanganya kwamba yamekwisha. Nami bado nageuka kila gari linapopunguza mwendo.

Sindano


Jumapili, 12 Mei

Dada,

Mwambie nitasimama. Mwambie ninaongea sana, anikanyage mguu nikizidisha.

Nimepata chumba changu mwenyewe, kidogo, karibu na kwa mama wa lori. Naogopa bado. Mtu akiniongelesha kwa upole nasikia baridi, na kuna bwana mmoja wa duka la sabuni, mpole wa watu, ambaye sasa namnunulia sabuni kwa kumtuma mtu. Mama Dawa ameniletea nguo zangu na kelele zake. Usiku wa kwanza sikulala hata kidogo.

Lakini chumba kina komeo, na komeo liko ndani. Jana nilikaa nikilitazama. Nikalifungua, nikatoka mpaka barazani, nikarudi, nikalifunga. Nikafungua tena. Sijui nilifanya hivyo kwa muda gani, mpaka mwenye nyumba akatoa kichwa dirishani akauliza kama nina mgeni.

Nikamwambia, "Hapana, mama. Ni mimi tu, natoka."

Kasuku